Gari la Elieza Lisilo na Pistoni

Kama hujawahi kuona mtu mzima akiliamkia gari kila asubuhi kabla hajamwamkia mke wake, basi hujawahi kukaa Kimandolu jirani na Elieza. Mimi nimekaa. Ua wangu na wake umetenganishwa na mabati, na tundu lililo kwenye mabati hayo nalijua vizuri kwa sababu nililitoboa mwenyewe. Kwa hiyo haya ninayoandika sikusimuliwa.

Nijitambulishe kwanza, msije mkanisoma kama mpita njia. Mtaani naitwa Mjomba, hata na watu ambao mama zao siwajui. Jina langu ni Msafiri. Wazazi walitoka Kondoa wakatua mizigo Daraja Mbili, na mimi nikaendesha malori mpaka Bujumbura wakati madereva wenu wa leo walikuwa bado wanabembelezwa walale. Shule nilifika darasa la sita. La saba niliwaachia waliokuwa na shida nalo. Nikikosea herufi nisamehe. Nikisema habari za injini, kaa kimya usikilize.

Elieza ni Mmeru wa Nkoaranga, kule juu migomba inakokutana na ukungu wa mlima. Mtu mrefu, mpole, ana viganja kama sepeto, na ana ugonjwa mmoja tu: akikipenda kitu hakiachi hata kikimla. Alikuwa mtunza stoo katika kampuni ya umma ya usafirishaji, na kwa miaka yake ya stoo alijipatia kiwanja Njiro. Njiro ile haikuwa hii ya kuta na mageti. Ilikuwa vichaka, ukienda jioni unaongozana na fisi. Lakini Elieza alimwaga msingi wa nyumba pale, na mkewe Aikande akapanda michongoma kuzunguka, akawa anakwenda Jumapili baada ya ibada kuinywesha maji na kuhesabu vyumba kwa miguu: hapa sebule, hapa jiko, hapa wewe na kelele zako.

Kisha yakaja yale mageuzi. Mashirika ya umma yakauzwa, Elieza akashikwa mkono akaambiwa asante. Wakati huohuo maduka yakajaa vitu ambavyo zamani tulivifuata Namanga kwa kujificha. Mitumba ya nguo, mitumba ya friji, mpaka mitumba ya magari kutoka Japani. Na mjini kukawa na vijana wa mawe, wale wanunuzi wa tanzanaiti, leo anakula chipsi kwa mkopo, kesho ananunua gari kabla hajanunua soksi.

Kijana mmoja wa hao ndiye aliyeleta lile gari. Mazda ya michezo, nyeupe, milango miwili, viti viwili vya maana, imelala chini kama paka anayevizia panya. Taa zake zimefichwa ndani ya boneti. Ukibonyeza kitufe zinainuka, ukibonyeza tena zinalala. Mji mzima tuliliita Chura. Lilitamba mwezi mmoja hivi, halafu likagoma kuwaka. Mafundi wakalifungua, wakalifunga, wakakimbia. Kijana, mawe yalipomkatalia, akalifunika turubai, akaanza kutafuta kiwanja.

Na Elieza akaanza kutafuta gari.

Sikiliza sasa uone akili ya mtu mpole. Akaenda akafunua turubai, akakaa ndani ya gari, akabonyeza zile taa zikainuka. Basi. Hapo ndipo alipokwisha. Wakabadilishana. Kiwanja chenye msingi na michongoma kwa gari lisilowaka, lililovutwa kwa kamba kutoka mjini mpaka Kimandolu huku yeye ameshika usukani anatabasamu kama bwana harusi.

Aikande alitoka jikoni, akaliangalia gari mbele mpaka nyuma, kisha akachungulia ndani.

“Baba Eunike,” akasema, “tutalala kwa zamu? Maana naona viti ni viwili.”

“Mama Eunike, nyumba inajengwa baadaye. Kitu kama hiki hakiji mara mbili.”

“Nashukuru Mungu hakiji mara mbili.”

Nilicheka mpaka mabati yakanisaliti. Lakini yule mama hakucheka, na tangu siku ile sikumwona tena akienda Njiro.

Sasa niwaeleze injini yenyewe, maana hapa ndipo mafundi walipofia. Magari tuliyoyazoea yana pistoni zinazopanda na kushuka. Hili halina. Ndani yake kuna vyuma viwili vyenye pembe tatu, kila kimoja mfano wa sambusa iliyovimba, vinazunguka ndani ya vyumba vyenye umbo la ganda la karanga. Kwenye kila ncha ya sambusa kuna kipande chembamba cha chuma kinachofuta ukuta ili pumzi isivuje. Pumzi ikivuja pale, gari limekufa. Hakuna cha kuchonga, hakuna cha kuchomelea.

Fundi Najim wa Daraja Mbili, mtu ninayemheshimu kwa magari yote mengine, alikuja akainama chini ya boneti muda mrefu.

“Hedi iko wapi?”

“Haina hedi,” Elieza akasema.

“Kila injini ina hedi.”

“Hii haina.”

“Pistoni je?”

“Haina.”

Najim akajifuta mikono ingawa hakuwa amegusa kitu. “Bwana Elieza, wewe umenunua kabati.”

Akaondoka. Na kweli pangekuwa mwisho, kama si ule ugonjwa niliowaambia. Elieza hakuwa na kazi, hakuwa na kiwanja. Alikuwa na muda tu, tena mwingi. Akaanza kulisoma gari kama mtoto anavyomsoma baba mlevi. Akagundua kwamba halikuwa limeharibika hata kidogo. Lilikuwa limezama kwenye petroli. Gari lile ukiliwasha likiwa la baridi, ukalisogeza hatua chache na kulizima kabla halijapata moto, petroli inajaa ndani, plagi zinalowa, na linagoma. Yule kijana wa mawe alilitoa kivulini alioshe, akalizima. Kosa lake ni hilo tu.

Elieza akatoa plagi zote, akazikausha juu ya jiko la mkaa la Aikande, kati ya sufuria ya maharage na birika. Akazungusha injini bila plagi mpaka petroli ikatemwa nje. Akatia oili kidogo kwa kijiko katika kila tundu la plagi, ili zile ncha za sambusa zishike ukuta vizuri. Kijiko cha chai, cha harusi yao. Kisha akarudisha plagi, akakanyaga pedeli mpaka mwisho, akapiga stata.

Lilikohoa. Likatoa moshi mweupe ukafunika mtaa, kuku wa jirani wakapotea mpaka jioni. Halafu likawaka. Halikunguruma kama gari. Lililia kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke, sauti moja ndefu inayopanda bila kuchoka. Na mimi niliyezisikia injini za nchi nne nilisimama pale mdomo wazi. Sisemi zaidi.

Tangu siku hiyo Elieza akawa na sheria zake. Haliwashwi kama hakuna safari. Halizimwi mpaka mshale wa joto ufike katikati. Oili inapimwa kila likijazwa petroli, kwa sababu gari lile linakula oili kwa makusudi, ndivyo lilivyoumbwa. Watu wakimwambia “Linakula oili, ringi zimekwisha,” anajibu “Halina ringi za hivyo,” wanamwangalia kwa huruma. Alilipeleka mpaka Sakina na kurudi asubuhi ya baridi, mshale ukakaa katikati kama sindano ya fundi cherehani aliyelala. Lilikuwa zima. Hilo neno likumbukeni: zima.

Ndipo habari zikapanda mlimani kwa baba yake.

Mzee Anaeli alikuwa na shamba lake la kahawa na migomba, na watoto wa kiume wawili: Elieza mkubwa, na Nathanaeli aliyebaki nyumbani na ng'ombe. Alikuwa amepanga kuligawa shamba angali hai, aone kwa macho yake. Shamba la juu la Nathanaeli, la chini la Elieza. Elieza asiye na kiwanja, anayepanga chumba na ua Kimandolu, alikuwa amebakiza tumaini moja duniani, ndilo hilo shamba la chini. Aikande naye, ingawa hakusema, alikuwa ameanza kuliulizia: maji yako mbali gani, udongo wake unashika tofali?

Tulipanda pamoja kumwona mzee. Mimi nilisema nafuata ndizi.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Nasikia umebadilisha ardhi kwa gari.”

“Ndiyo, baba.”

“Umekuja nalo?”

“Leo tumekuja na Haisi mpaka Usa, tukapanda kwa miguu.”

Mzee akanigeukia. “Na wewe unamfuata mtu aliyeacha gari nyumbani?”

“Shikamoo mzee. Mimi nafuata ndizi.”

Hakucheka. Wale wazee wa mlimani unawatupia mzaha, wanauokota, wanauweka mfukoni. Akamwambia mwanawe, polepole:

“Mimi sikukatazi magari. Babu yako alibadilisha mbuzi kwa jembe, watu wakamcheka, akawalimia. Siku ya kugawa shamba, wazee wa ukoo watakuwepo. Njoo na gari lako. Likiingia hapa uani kwa nguvu yake, nitajua ulitoa ardhi ukapokea kitu. Lisipoingia, nitajua ulitoa ardhi ukapokea hewa. Na mtu wa hivyo nikimpa ardhi ya pili, ataibadilisha kwa upepo.”

Huo ndio ukawa mkataba. Jumamosi moja ya Julai, baada ya chai ya asubuhi, gari liingie uani Nkoaranga linalia lenyewe. Likifika, Aikande ana pa kujenga. Lisipofika, hana.

Ijumaa yake Elieza akafanya jambo ambalo kila mtu mwenye akili hapa kwetu angelifanya. Alimwita Najim alikague gari kwa safari ya mlima.

Sasa kuna kitu mafundi wetu wote wanafanya, kuanzia Arusha mpaka Kigoma. Kwenye injini, pale mpira wa maji unapochomekwa, mna kidude cha shaba kama uyoga mdogo. Kinaitwa themostati. Injini ikiwa ya baridi, kinayafunga maji yasiende kupoa kwenye rejeta. Ikipata moto, kinafungua. Gari likifika tu nchini, hata halijapata namba, fundi anakitoa kile kidude na kukitupa. Ukimuuliza sababu anakujibu kwamba hicho ni cha nchi za baridi. Malori yangu yote yalitolewa hicho kidude na hayakuwahi kuchemsha. Ni kama tohara, hakuna anayeuliza.

Najim alikuja amevaa koti la manyoya na kofia ya sufu, kwa sababu Julai ya Arusha mnaijua, Meru ilikuwa imejifunika blanketi tangu Jumatatu. Alikuwa anapuliza viganja.

“Hujakitoa?” akashangaa. “Umekuwa unaendesha nacho muda wote huu?”

“Halijawahi kuchemsha,” Elieza akasema.

“Bado halijapanda mlima. Bwana Elieza, hii ni nchi ya joto.” Meno yake yaligongana aliposema hivyo.

Elieza alisita. Hilo nampa. Alisimama na spana mkononi, anaiangalia injini, mtu aliyeijua kuliko sote. Lakini kesho ilikuwa kubwa mno kwake. Mtu akiwa na hofu hufanya lile ambalo wote hufanya, ili akishindwa asilaumiwe peke yake. Akafungua mwenyewe. Boliti mbili, kidude nje. Najim alitaka kukitupa mtaroni. Elieza, kwa tabia ya mtunza stoo, akakifuta, akakiweka kwenye kopo la misumari.

Asubuhi nilimkuta Aikande amevaa kanga mpya juu ya gauni la kanisani, amebeba hotipoti.

“Mama Eunike, ingia kiti cha mbele, mimi nitapanda Haisi.”

“Ahsante Mjomba. Mimi nitapanda gari linalofika.”

Akatangulia. Kwa hiyo niliyepanda Chura ni mimi, na dumu la maji katikati ya magoti.

Barabara ya Moshi ilikuwa raha, sidanganyi. Tulipita Tengeru watu wakigeuka, siku ya soko, kina mama na mikungu yao wanapiga vigelegele. Elieza akazipandisha taa mchana kweupe. Niliketi chini mno, naona tumbo la kila lori tunalolipita, nikawapungia madereva mkono kama mkuu wa wilaya. Mshale wa joto ulikuwa umepita katikati kidogo. Elieza aliuona.

Tulipoacha lami na kuanza kupanda, mshale ukaanza kupanda na sisi.

“Elieza.”

“Nauona.”

Akafungua hita ya ndani mpaka mwisho, ili joto la injini litokee kwetu. Mnaelewa? Julai, ukungu nje, na sisi ndani tunaoka kama mikate. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye soksi. Chini, tumbo la gari lilikuwa linakwangua mawe, kila jiwe Elieza anasema “samahani” taratibu, sijui anamwambia nani. Kwenye kona ya daraja la mbao mshale ukagusa nyekundu, akasimama.

“Usilizime!” nikasema.

“Silizimi.”

Tukafungua boneti. Mpira mmoja wa rejeta nilipougusa uliniunguza kidole. Wa pili, ule wa kurudisha maji, ulikuwa wa baridi. Baridi kabisa, kama chupa ya soda. Tukatazamana. Injini inachemka na rejeta ni ya baridi! Nimeendesha malori nchi nne, sikuwahi kukutana na mgonjwa mwenye homa kichwani tu.

“Rejeta imeziba,” nikasema.

“Niliiosha juzi.”

“Basi pampu.”

“Pampu nzima.”

Wakapita kina mama wawili wanaorudi kutoka gulioni. Mmoja akasimama, akauangalia mvuke.

“Baba, hilo sufuria lenu linapika nini?”

“Loshoro ya mahindi na maziwa,” nikamjibu. “Karibu.”

“Halijaiva bado. Ongezeni maji.”

Tukaongeza. Mshale ukashuka kidogo, tukapanda. Ukapanda tena, tukasimama. Dumu likaisha, nikateremka mtoni kwa miguu yangu hii yenye heshima, nikajaza, nikapanda. Mbele ya kona ya mwisho, paa la bati la mzee linaonekana kabisa, na moshi wa jikoni, ile sauti ya nyuki ikabadilika. Ikawa kama mtu anayeimba huku anakabwa. Moshi mweupe ukatoka nyuma, mzito, una harufu ya utamu wa ajabu. Kisha kimya.

Elieza hakupiga usukani, hakutukana. Aliweka mikono yote miwili juu ya mapaja, kama mtu aliye kanisani.

Mimi ni mtu wa njia za panya, na sioni aibu kusema. Kutoka pale tulipokuwa, kulikuwa na mita chache za kusukuma mpaka mgongo wa barabara, halafu mteremko unaingia moja kwa moja uani.

“Sikiliza,” nikamwambia. “Tunasukuma mpaka juu. Unapanda, unaliachia liteleze. Unaingia uani na taa zimesimama, unashuka umeshika funguo. Nani atajua?”

“Halina sauti, Mjomba.”

“Mimi nitakohoa.”

Aliniangalia, na naapa aliona upuuzi wangu wote, lakini alikuwa hana lingine. Tukasukuma. Chura likateleza kimya likaingia uani mwa Mzee Anaeli, taa juu, jeupe, linang'aa, na mimi nakimbia nyuma yake nakohoa. Likasimama mbele ya mabenchi ya wazee wa ukoo. Wazee walisimama. Mmoja alipiga makofi. Aikande alikuwa mlangoni na hotipoti yake, na nikauona uso wake ukifunguka, kitu ambacho sijakiona tena, na heri nisingekiona hata siku ile.

Mzee Anaeli akalizunguka gari mara moja. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka.

“Zuri,” akasema. “Liwashe.”

Elieza akaketi. Akageuza ufunguo.

Stata ikazunguka. Lakini injini nzima hukabana na stata, unasikia inavyosukumwa kwa taabu, uf-uf-uf. Hii ilizunguka kwa wepesi, wiiii, bila kizuizi, kama baiskeli iliyopinduliwa unalizungusha gurudumu kwa mkono. Hakuna pumzi ndani. Hata wale wazee ambao hawajamiliki hata pikipiki waliielewa ile sauti. Elieza alijaribu tena. Alijaribu mpaka baba yake alipomgusa begani kupitia dirishani.

“Inatosha, mwanangu. Usimalize na betri.”

Ugawaji ukafanyika hivyohivyo, gari likiwa katikati ya ua watu wanalizunguka kupita. Masale, yale majani marefu wanayopanda mpakani, yalikuwa yameshakatwa, yamelala kwenye ndoo yanasubiri kupandwa kati ya shamba la juu na la chini. Hayakupandwa hapo. Yalipandwa mpakani na jirani, kwa sababu shamba lote lilikuwa limekuwa moja, la Nathanaeli. Nathanaeli mwenyewe alisema kwa sauti ndogo, “Baba, tungempa hata kipande.” Mzee akajibu mbele ya wote:

“Nimempa. Pa kuzikwa pake pako pale, kando ya mama yake. Akiwa hai hawezi kupauza, na akishakufa hawezi kupabadilisha.”

Wazee wakaitikia. Aikande akafungua hotipoti, akawapakulia watu wote, mmoja mmoja, akaanza na baba mkwe. Kisha akachukua mkoba akateremka kwa miguu bila kumsubiri mtu. Gari lilivutwa na ng'ombe wa Nathanaeli mpaka lami.

Wiki iliyofuata nikiwa kwenye tundu langu nilimwona Elieza jikoni kwa Aikande, amechutama mbele ya sufuria inayochemka. Nikazunguka nikaingia. Ndani ya sufuria mlikuwa na kile kidude cha shaba.

“Angalia, Mjomba.”

Maji yalipochemka, kidude kikafunguka juu, kama wanavyosema mafundi. Lakini chini yake kulikuwa na kisahani kidogo, nacho kikashuka taratibu, kikatokeza kama ulimi.

“Hiki cha chini ni cha nini?” nikauliza.

Akanipeleka kwenye gari, akanionyesha ndani ya lile tundu, kule alikotoa kidude. Chini kabisa mlikuwa na tundu la pili. Njia ya mkato. Maji yakipita pale yanarudi kwenye injini bila kufika kwenye rejeta. Kazi ya kile kisahani ni kuiziba ile njia injini inapopata moto, ili maji yote yalazimike kwenda kupoa. Akakishusha kidude mahali pake. Kisahani na tundu vilikutana sawasawa, kama kifuniko na chungu.

“Kwa hiyo tulipokitoa...”

“Maji yalikuwa yanazunguka humohumo. Hayakwenda kupoa hata tone.”

“Na kama tusingekitoa?”

“Tungefika.”

Alisema bila uchungu, na hilo ndilo lililonitisha.

Akataka kwenda kumwonyesha baba yake. Nilimwambia asiende. Alikwenda, nami nikamfuata, safari hii bila kusingizia ndizi. Aliomba sufuria, akachemsha kile kidude mbele ya mzee, akaeleza mwanzo mpaka mwisho. Mzee Anaeli alisogeza kigoda, akatazama kisahani kikishuka, akaomba kichemshwe tena, akatazama tena.

“Kwa hiyo lilikuwa zima,” akasema.

“Zima kabisa, baba.”

“Na hiki hakikuharibika.”

“Hapana.”

“Mlikitoa kwa mikono yenu.”

“Ndiyo, baba.”

Mzee akakigeuza kile kidude majini kwa kijiti. Nilidhani anafikiria kubadili neno lake, na nadhani Elieza naye alidhani hivyo.

“Ningekuwa nimekukosea kama lingekuwa bovu,” mzee akasema. “Bovu ni bahati mbaya. Lakini wewe ulikuwa na kitu kizima mkononi, ukakifungua ukakitoa roho kwa sababu jirani alikuambia. Na kiwanja kilikuwa kizima pia.” Akaitoa sufuria motoni. “Kuleni kwanza ndipo mteremke.”

Tulikula. Chakula kilikuwa kizuri, tusimsingizie.

Aikande hakuondoka, watu walitegemea ataondoka. Anauza vitenge sokoni, anarudi, anapika, na anamwita Baba Eunike kama zamani. Ila hahesabu tena vyumba kwa miguu, mahali popote. Kwenye kile kiwanja cha Njiro kuna ghorofa sasa na ukuta wenye vipande vya chupa juu. Michongoma waliing'oa.

Na Elieza? Kidude amekirudisha mahali pake, amekaza boliti mbili, injini haiwezi kuchemka tena, kwa sababu haiwaki. Zile ncha za sambusa ziliungua siku ile, na maji yaliingia palipotakiwa moto. Spea zake haziko Arusha, haziko Nairobi, na Japani hakuna anayetujua. Hata hivyo kila Jumamosi asubuhi anatoa plagi mbili, ananiita.

“Mjomba, piga stata. Mimi nasikiliza.”

Injini nzima ya namna ile, plagi ikiwa nje, inapumua kwa mpigo kupitia tundu la plagi: puf, puf, puf, sawasawa, kila ncha ya sambusa inatoa pumzi yake. Elieza anaweka sikio kwenye tundu kama mkunga. Mimi napiga stata. Wiiii.

“Umesikia?” ananiuliza.

Mimi ni muongo kwa kipaji, niliwadanganya askari wa mipaka minne nao wakanishukuru. Lakini kwa hilo sijaweza.

“Sijasikia kitu, Elieza.”

“Piga tena,” anasema, na kulisogeza sikio karibu zaidi.